Kazi ya Jicho: Namna Viwanda Vinavyokagua Mali Yao, na Lipi Katika Hayo Linalotufaa Sisi

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu ukifika, maneno huwa ni yale yale mbele ya mizani. Mwenye mali asema karafuu zake ni daraja la kwanza. Mkaguzi atia mkono katika gunia, atandaza konzi moja juu ya meza, aziangalia, kisha asema ni daraja la pili. Basi hapo huzuka ubishi, kwani tafauti ya bei baina ya daraja na daraja ndiyo sare za skuli za watoto, ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo deni la wachumaji. Wanachama wengi wameuliza: Je, jicho la mtu ni kipimo cha haki? Na hao wenye viwanda vikubwa, walio na mashine za kila namna, nao pia hukata shauri la mali yao kwa kuangalia tu?

Jawabu ni kwamba nao pia huangalia, tena sana. Lakini jicho la kiwandani halikuachiwa liende litakavyo. Limewekewa kanuni: liangalie nini, wapi, kwa mwangaza gani, kwa muda gani, na likiona kasoro ifanyike nini. Mkulima akizijua kanuni hizo hufaidika mara mbili: atajua la kumuuliza mkaguzi, na atajua namna ya kukagua mwenyewe mali ikingali juu ya jamvi lake.

MPANGO WA UBORA NI KITU GANI

Kiwanda kilicho na taratibu nzuri huwa na karatasi iitwayo mpango wa kusimamia ubora. Karatasi hiyo hupangwa kwa hatua za kazi, tangu mali ghafi inapoingia mlangoni mpaka bidhaa inapofungwa katika sanduku. Katika kila hatua huandikwa mambo sita: ni hatua ipi, kitu gani kitazamwe, kitazamwe kwa jicho au kwa chombo cha kupimia, vitazamwe vingapi na mara ngapi, nani atakayetazama, na kasoro ikionekana ifanywe nini. Hilo la sita ndilo aghalabu husahauliwa, na bila ya hilo matano ya mwanzo huwa ni maandishi tu.

Ukaguzi wenyewe hufanywa mahali patatu. Kwanza ni wakati wa kupokea mali ghafi, ili kitu kibovu kisiingie. Pili ni katikati ya kazi, ili kosa la hatua moja lisipelekwe hatua ya pili. Tatu ni mwisho, kabla mali haijatoka kwenda kwa mnunuzi. Kosa likikamatwa mwanzo, gharama yake ni ndogo. Likikamatwa mwisho, kiwanda kimekwisha kulitia kazi, moto na mishahara. Na likikamatwa na mnunuzi, kiwanda hupoteza mali na jina pamoja.

JICHO NA KIPIMO

Vitu vinavyokaguliwa ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vile vyenye hesabu: urefu, uzito, joto, unyevu. Hivi hupimwa kwa chombo, na jawabu lake ni nambari. Namna ya pili ni vile ambavyo jawabu lake ni ndiyo au siyo: pana ufa au hapana, rangi imelingana au haikulingana, pana uchafu au hapana. Hapa ndipo kazi ya jicho.

Jicho lina sifa ambazo vyombo vingi havina. Huona kitu kizima kwa mara moja, na hugundua hata kasoro ambayo hakuna aliyeitarajia. Lakini lina mipaka yake, na mpango mzuri haulipi jicho kazi ya chombo. Mathalan, katika karafuu zetu, kiwango cha kimataifa cha karafuu nzima chasema kwamba unyevu usizidi sehemu 12 katika 100. Hapana jicho liwezalo kuona 12 wala 14. Mkulima mzoefu hukisia kwa kuvunja karafuu kwa kidole na kusikiliza mlio wake, na ni kisio jema. Lakini ubishi wa unyevu humalizwa na kipimo cha unyevu. Ama makonyo, mbegu, karafuu zisizo vichwa, uchafu, na karafuu zilizochacha kwa kurundikwa mbichi, hizo ni kazi ya jicho, na kiwango hicho hicho huzigawa karafuu katika mafungu matatu kwa kadiri ya kasoro hizo.

Tena si kasoro zote zenye uzito mmoja. Viwanda huzigawa mafungu matatu: kasoro ya hatari, iwezayo kumdhuru mtu, kasoro kubwa, iharibuyo matumizi ya kitu, na kasoro ndogo, ipunguzayo uzuri tu. Asiyetafautisha hizi tatu atakataa mali njema kwa ajili ya alama ndogo, na huenda akapitisha yenye hatari kwa kuwa nje yang'aa.

MFANO WA CHUPA ZA DAWA YA SINDANO

Ili jambo lifahamike, natuchukue mfano mmoja ambao kila mtu ameuona hospitali: kichupa cha dawa ya sindano. Ndani yake yaweza kuingia kipande cha kioo kidogo kama chembe ya mchanga, au unywele, au kioo chenyewe kikawa na ufa usioonekana upesi. Kasoro hizo haziwezi kuachwa, kwani dawa hiyo yaingia katika damu ya mtu. Kwa hivyo vichupa hukaguliwa kimoja kimoja, hakuna kinachorukwa.

Kanuni za vitabu vya dawa vya Marekani na Ulaya zimeeleza namna ya kuangalia. Kichupa hutikiswa polepole ili kilichotua chini kiinuke. Kisha hutazamwa mbele ya ubao mweusi sekunde 5, na mbele ya ubao mweupe sekunde 5. Chembe nyeupe huonekana mbele ya weusi, na chembe nyeusi huonekana mbele ya weupe. Mwangaza nao umepimwa: laksi 2,000 hadi 3,750, na laksi ndicho kipimo cha mwangaza. Mkaguzi mwenyewe hupimwa macho yake, na hufunzwa kwa vichupa ambavyo kasoro zake zinajulikana, ili ionekane kama atazikamata. Tena hapewi kazi hiyo kutwa nzima bila kupumzika. Na baada ya vyote kukaguliwa, huchukuliwa tena sampuli katika vilivyopita, na mtu mwingine huitazama.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa vimekwisha kukaguliwa vyote, sampuli ya nini tena? Ni kwa sababu wenye viwanda wamekwisha jua kwamba kukagua vyote si kukamata vyote.

UDHAIFU WA JICHO

Uchunguzi mwingi wa kazi ya wakaguzi umeonyesha kwamba mkaguzi wa kawaida huzikosa baadhi ya kasoro, na makisio yatumiwayo sana ni kwamba hukamata kama 80 katika kila 100. Piga hesabu. Fungu lina vitu vibovu 100. Mkaguzi wa kwanza akamata 80, zabaki 20. Mkaguzi wa pili naye akikamata kwa kadiri hiyo hiyo atapata 16, na zabaki 4. Na hesabu hiyo ni ya watu wawili wenye bidii. Kila mmoja akisema moyoni, "Nikiacha mimi, mwenzangu ataona," basi wote wawili hulegea.

Sababu za udhaifu huo zimechunguzwa. Mwaka 1948 Norman Mackworth wa Cambridge alitoa khabari za majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza. Watu waliwekwa muda wa saa 2 wakitazama mshale ukizunguka kama wa saa, na mara chache mshale ule huruka hatua mbili badala ya moja. Kazi yao ni kusema wanapouona umeruka. Baada ya nusu saa ya mwanzo walianza kuikosa zaidi miruko ile. Hawakuwa wavivu; ndivyo akili ya mwanadamu ilivyo ikikodolea kitu kimoja muda mrefu.

Sababu ya pili yastaajabisha zaidi. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe wa Harvard na wenzake waliwapa watu picha wazitafute zenye kitu fulani, mfano wa kazi ya kukagua mizigo kwenye viwanja vya ndege. Kitu hicho kilipokuwamo katika nusu ya picha, watu walikikosa mara 7 katika 100. Kilipokuwamo katika picha 1 tu kwa kila 100, walikikosa mara 30 katika 100. Maana yake ni kuwa kasoro ikiwa adimu jicho hulala. Mkulima ambaye mali yake siku zote ni safi asijiamini mno: ule uchafu wa mara moja kwa msimu ndio atakaoupita bila kuuona.

Ndiyo sababu viwanda humjaribu mkaguzi kama vile wanavyoipima mizani. Njia moja itumiwayo katika viwanda vya magari ni kuchukua vipande 50, vizuri na vibovu vimechanganywa, na kuwapa wakaguzi 3, kila mmoja avikague mara 3 bila kujua ni vile vile. Kisha hutazamwa mambo mawili: je, mtu amekubaliana na nafsi yake? Na je, wamekubaliana wao kwa wao? Ikiwa mtu mmoja leo asema kizuri na kesho asema kibovu, kosa haliko katika kipande. Liko katika macho, au mwangaza, au kanuni isiyoeleweka.

KUKAGUA VYOTE AU KUTWAA SAMPULI

Hapo zamani viwanda vilidhani dawa ni kuongeza wakaguzi. Mwaka 1928 kiwanda cha simu cha Hawthorne, karibu na Chicago, kilikuwa na wafanyakazi kama 40,000, na katika hao 5,200 walikuwa wa idara ya ukaguzi. Gharama ilikuwa kubwa, na kasoro ziliendelea kupita. Katika kampuni hiyo hiyo ya simu ndimo zilimozaliwa njia mbili mpya.

Njia ya kwanza ni ya sampuli. Harold Dodge na Harry Romig walitunga majedwali ya kuonyesha fungu la ukubwa fulani litwaliwe vitu vingapi, na kasoro ngapi zikionekana likataliwe. Mwaka 1950 jeshi la Marekani lilitoa majedwali ya jamii hiyo kwa manunuzi yake, na ya kimataifa ya leo yametokana na hayo. Mathalan, fungu la vitu 2,000, kwa kiwango cha kasoro 1 katika 100, hutwaliwa vitu 125. Zikionekana kasoro 3 au chini yake, fungu hupokewa. Zikifika 4, fungu hukataliwa. Mnunuzi na muuzaji huijua hesabu hiyo kabla ya kufungua sanduku, kwa hivyo hapana nafasi ya kubishana.

Lakini sampuli ina sharti lake: itwaliwe bila kuchagua. Ikitwaliwa juu ya gunia tu, ni shahidi wa juu ya gunia tu. Yapasa itwaliwe juu, kati na chini, na katika magunia mbalimbali.

Njia ya pili ni ya Walter Shewhart. Mwezi wa Mei 1924 alimwandikia mkubwa wake ukurasa mmoja wenye mchoro: kasoro za kila siku zitiwe nukta katika mistari, na mistari miwili ionyeshe mipaka ya kawaida. Nukta ikitoka nje ya mipaka, watu waende mara moja wakatafute kimeharibika nini. Kwa mchoro ule, khabari za mkaguzi zikawa hazisemi tu "hiki tupa, hiki weka". Zikarudi kwa mtengenezaji zikimwambia, "Tangu juzi mashine yako imeanza kuharibu."

Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye kiini cha maneno yote haya. Ukaguzi hautii ubora ndani ya kitu. Kitu kimekwisha kuwa kizuri au kibaya kabla mkaguzi hajakiona. Yeye huweza kutenga tu. Faida kubwa ya jicho ni kurudisha khabari pale kosa lilipozaliwa, upesi, kosa likingali dogo.

Siku hizi viwanda vingi vimeweka kamera na mashine za kuchagua, ziwezazo kutupa punje ya mchele au ya kahawa yenye rangi mbaya kwa kuipulizia upepo. Mashine haichoki. Lakini nayo hufundishwa kwa sampuli zilizochaguliwa na watu, na ikifundishwa vibaya hukosea bila kuona haya. Mwenye kuamua kipi ni kizuri ni mtu.

SISI TUFANYE NINI

Mlango wa mwisho wa kiwanda kwetu sisi ndio meza ya kituo cha kununulia. Karafuu ikifika hapo na kasoro, iliyobaki ni kuipigia bei tu. Makonyo yaliyomo yangeweza kuondolewa nyumbani kwa kazi ya jioni moja. Karafuu iliyochacha haiwezi kurudishwa tena na mtu yeyote. Kwa hivyo nashauri kila mwenye shamba awe na mpango wake mdogo wa hatua tano, aubandike ukutani.

1. Chini ya mkarafuu. Aangaliwe mchumaji analeta tumba zilizokomaa, zilizoanza kuwa nyekundu na bado hazijafunguka. Pakacha moja la kila mchumaji limwagwe na kutazamwa kila siku. Zikionekana changa au mbegu nyingi, mchumaji aambiwe hapo hapo, si mwisho wa wiki.

2. Wakati wa kuchambua. Zitwaliwe karafuu 100 kutoka pande tatu za fungu, yahesabiwe makonyo yaliyobaki, na idadi iandikwe. Ikizidi ya jana, fungu lirudiwe kabla ya kuanikwa. Kazi hii ifanywe kwa mwangaza wa mchana. Kibatari hakionyeshi tafauti ya konyo na karafuu kwa mtu aliyechoka.

3. Siku ya kwanza ya kuanika. Karafuu zisilale zimerundikwa mbichi. Tia mkono ndani ya fungu: ukihisi joto, tandaza mara moja. Rangi ya kijivujivu na kunyauka ni dalili kwamba kosa limekwisha kutendeka, na hizo zitengwe, zisitiwe pamoja na njema kwa kutumaini kwamba hazitaonekana. Zitaonekana, na zitashusha daraja la gunia zima.

4. Kabla ya kuanua. Karafuu iliyokauka vyema hukatika kwa mlio, mwili wake ni wa hudhurungi iliyoiva, na kichwa chake rangi yake ni nyepesi zaidi. Zitazamwe za katikati ya jamvi na za pembeni pia, kwani hazikauki kwa mwendo mmoja.

5. Wakati wa kutia katika magunia. Gunia ligeuzwe ndani nje, litazamwe na linuswe. Lililotiwa mbolea au mafuta ya taa lisitumike hata likifuliwa. Konzi moja ya kila gunia iwekwe katika chupa safi yenye jina na tarehe, ibaki nyumbani. Ukitokea ubishi, unayo sampuli yako.

Mkaguzi wa nyumbani asiwe yule yule aliyeifanya kazi, kwani jicho la mtu halipendi kuona kosa la mkono wake. Mume akague alichoanika mke, na mke akague alichotia mume katika gunia. Wala asikae mtu mmoja kutwa nzima akichagua. Baada ya nusu saa abadilishwe, apewe kazi nyingine, kisha arudi.

Jambo la mwisho ni la matawi. Naomba kila tawi, kabla ya msimu kufunguliwa, limwombe mkaguzi wa kituo chake mitungi mitatu ya kioo, mmoja kwa kila daraja, na ndani ya kila mtungi ziwe karafuu za mwisho kabisa zikubalikazo katika daraja hilo. Sampuli ya iliyo bora peke yake haisaidii, kwani ubishi hauko katika iliyo bora wala iliyo mbovu. Ubishi uko mpakani. Mitungi hiyo ikae mezani kituoni, na mfano wake ukae katika ofisi ya tawi. Mwanachama akiambiwa karafuu zake ni daraja la pili, na aombe kwa adabu zilinganishwe na mtungi, kwa mwangaza mzuri, na sampuli itwaliwe juu, kati na chini ya gunia. Mkaguzi mwadilifu hatakasirika, kwani mtungi humlinda yeye kama unavyomlinda mkulima.

Na zile nambari za makonyo, zisiandikwe juu ya mchanga. Mali bila daftari hupotea bila khabari. Daftari la senti chache litakuonyesha ni siku gani, jamvi gani, na mchumaji yupi, na msimu ujao utajua pa kuanzia.

Watakaoweka mpango huu ukutani wanaombwa walete khabari zao kwa makatibu wa matawi baada ya vuno la kwanza: kasoro ipi imepungua, na ipi imekataa. Zitachapishwa katika kurasa hizi ili wote wafaidike.

Wasalaam,
Katibu wa Chama